Kitako cha Tenga la Tereza

Kuna hesabu moja ambayo sijawahi kuimaliza. Chukua matete yaliyopasuliwa, uyasuke yapishane kwa njia tatu, utapata macho ya pembe sita, moja kando ya jingine. Unaweza kusuka hivyo mpaka ufunike mtaa wetu wote wa Mabatini, na mkeka wako hautainama hata kidogo. Ukitaka uiname uwe chombo, lazima mahali fulani upunguze tete moja, na hapo jicho linatoka na pembe tano. Ili ukuta wa tenga usimame wima, macho ya namna hiyo yanatakiwa sita kwenye kitako. Tenga la kuku au la dagaa, kubwa au dogo, ni sita tu. Nilifundisha hesabu miaka ishirini na tisa. Niliwahi kukuta uthibitisho wa jambo hili kitabuni, nikaufuata mstari kwa mstari, nikakubali kila mstari, kisha nikafunga kitabu nikiwa bado sijui kwa nini. Tereza, mke wa Mayala, hakuwahi kukaa darasani, na katika maisha yake yote ya kusuka matenga hakuona kama hapo pana cha kuuliza.

Kijiwe chetu kilikuwa mbele ya kibanda cha baiskeli cha Maige, ambaye kwa kazi yake tulimwita Spoku. Benchi lilikuwa ubao wa mtumbwi mkuukuu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Justa, mama wa Kihaya, alikuja na birika lake saa mbili asubuhi na kuondoka kahawa ilipokwisha. Otuoma, fundi umeme wa kiwanda cha minofu ya samaki, alipita akitoka zamu ya usiku. Huyo alikuwa Fyuzi. Mayala alikaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mwaka ule walipopunguzwa wengi, na tangu Oktoba, alipomzika Tereza, aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na anayefuata. Hakuna aliyemwambia asogee, na hakuna aliyeikalia.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Juni, mwaka 1996. Mayala alikuwa na mtoto mmoja tu, Kija, aliyekuwa Japani akisoma fizikia, na Kija hakujua kama mama yake amefariki. Ukoo ulikaa siku ya pili ya msiba, ukaamua asiambiwe mpaka amalize mitihani ya Februari. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wengi kwetu mtoto akiwa masomoni mbali, na wanafanya kwa upendo. Februari ikapita. Mtu akasema asubiriwe apumzike kidogo. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena.

Na mimi nina sehemu yangu. Tereza hakujua kuandika. Barua zake zote kwa Kija niliziandika mimi, akisema nami nikiandika, hapohapo kwenye benchi. Kija aliuzoea mwandiko wangu kama mwandiko wa mama yake. Tereza alipofariki, Mayala aliniomba niendelee. Nikaendelea. Barua tatu: Mama hajambo, mvua zimechelewa, kuku watatu wamekufa, usisahau kuvaa sweta. Halafu ikaja barua ya Kija yenye swali.

— Tusomee tena, Mwalimu, alisema Fyuzi. Jana nilikuwa na usingizi.

— Leo huna?

— Leo ninao, lakini nimekunywa kahawa.

Nikasoma. "Mama, shikamoo. Huku kazi yangu ni kaboni, ileile ya mkaa na ya risasi ya penseli. Imejisuka kama tenga lako, macho ya pembe sita, unene wa chembe moja tu, kisha ikajikunja kuwa bomba jembamba sana, hata ukipanga maelfu hayafikii unene wa unywele. Ajabu yake ni hii. Mabomba mawili ya kaboni ileile, moja linapitisha umeme kama waya wa shaba, jingine linaukataa mpaka ulisukume. Hakuna kilichoongezwa wala kilichotolewa. Tofauti ni namna wavu ulivyozunguka tu, macho yamelala upande gani lilipojikunja. Na mzunguko huo unaanzia kwenye kitako, pale yalipokaa yale macho sita ya pembe tano. Ninajaribu kusuka mfano kwa vipande vya karatasi, na kila mara unanipinda mkononi. Huku nao wanasuka kama wewe. Niliona tenga dukani, nikasimama mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama naumwa. Mama, katikati kabisa ya kitako ulikuwa unaanza na jicho la pembe sita au la pembe tano? Na mkono ukianza, unaelekea wapi? Huku sina wa kumuuliza."

Niliikunja barua. Justa alimjazia Mayala kikombe bila kuulizwa.

— Basi mwandikie tano, alisema Spoku. Tano au sita, atajuaje?

— Atajua, alisema Mayala. Alikuwa anakaa miguuni pa mama yake tangu hajaota meno. Akisikia tano na siyo tano, atajua kuna kitu.

Hilo ndilo lililotuweka pale. Binti mmoja wa ofisi ya uvuvi, anayeitwa Precious, alikuwa anasafiri kesho yake kwenda Japani kwa kozi ya miezi mitatu, na alikubali kumpelekea Kija barua. Angepita saa nne kuichukua. Matenga ya Tereza yalishauzwa yote, yakazeeka, yakachomwa. Siku hizo wachuuzi walishaanza kubeba kwa makreti ya plastiki. Tulikuwa na saa moja na nusu ya kukumbuka mikono ya mtu aliyekaa mbele yetu miaka kumi, na ambayo hakuna kati yetu aliyeitazama vizuri.

— Mimi nitawaeleza huo umeme kwanza, alisema Fyuzi, halafu jibu litakuja lenyewe. Umeme ni kama maji. Bomba likinyooka, maji yanakwenda. Likipindapinda, yanachoka.

— Mtoto amesema mabomba yote mawili yamenyooka, nilimwambia. Kilicholala vingine ni wavu.

— Sawa. Kwa hiyo umeme uko ndani ya bomba, unatazama ukutani. Ukiona macho yamepangika, unakwenda. Ukiona yamelala mshazari, unapata kizunguzungu.

— Umeme una macho, Fyuzi?

— Wewe hujawahi kurushwa nao. Ungejua kama una macho au hauna.

Spoku alicheka, akashusha gurudumu lililotundikwa kwenye msumari.

— Achaneni na maji. Tazama hapa. Spoku thelathini na sita, rimu moja, habu moja katikati. Nikizifunga zote zinyooke kutoka katikati, gurudumu linapendeza, lakini pakia gunia la mpunga upande kilima cha Bugando, litajisokota lote. Nikizipishanisha, tatu juu moja chini, unapakia gunia na mke juu yake. Chuma kilekile. Sikuongeza kitu.

Nilimtazama. Tangu barua ilipofika, hilo lilikuwa neno la karibu zaidi na ukweli kuwahi kusemwa kwenye benchi letu, nami nikamwambia hivyo.

— Kwa hiyo nipelekeni Japani, alisema Spoku.

— Ukafanye nini?

— Nikazibe pancha zao za kaboni.

— Lakini hujajibu, alisema Justa. Katikati ni tano au sita?

Spoku akainama chini ya meza akatoa mpira wa miguu uliokwisha upepo. Aliwahi kuuokota uwanjani baada ya mechi ya timu ya Pamba, na alidai uliguswa na wachezaji wote ishirini na wawili.

— Mwalimu, si ulisema vipande vyeusi vya mpira vina pembe tano? Hesabu.

Tulihesabu. Fyuzi alipata kumi na moja, Spoku kumi na tatu, Justa akauchukua na kutia alama ya masizi ya birika kwenye kila kipande, vikawa kumi na viwili.

— Kumi na viwili ni mpira mzima, nilisema. Tenga ni nusu ya mpira iliyowekewa ukuta. Nusu ya kumi na viwili ni sita.

— Hapo nimekuelewa. Basi kata katikati, tuone kitako.

— Inategemea unautazama kutoka wapi. Ukiweka cheusi katikati, kinazungukwa na vingine vitano: sita. Ukiweka cheupe katikati, vitatu vinakigusa na vitatu viko nyuma kidogo: sita vilevile.

Spoku aliugeuza mpira, akatazama, akaugeuza tena.

— Kwa hiyo vyote viwili ni sawa.

— Vyote vinafunga. Lakini ukiendelea kusuka ukuta kutoka hapo, wavu hauzunguki sawa. Cheusi kikiwa katikati, linatoka bomba linalopitisha umeme. Cheupe, ni mpaka uukague wavu wenyewe.

— Huyu mtoto anasoma kazi ngumu, alisema Justa.

Mayala alishika kikombe kwa mikono miwili, kikombe kidogo kile cha kahawa ambacho mtu hushika kwa vidole viwili.

— Mimi nakumbuka tenga la Tereza lilikuwa linaegemea, alisema Fyuzi. Ukiliweka chini, limeegemea kama mtu anayesikiliza.

— Halikuegemea. Benchi la kule forodhani ulikoliona ndilo lililoegemea.

— Liliegemea, Spoku. Mama Awuor wa dagaa alikuwa anayapanga yote yatazame upande mmoja. Kama liliegemea, basi macho yalikuwa mshazari, na kama ni mshazari, mwandikie sita.

— Uliona wapi macho yakiwa mshazari?

— Nimesema kama.

Kisha Fyuzi, ambaye usingizi ukimzidi hupata mawazo makubwa, alisimama.

— Na mimi sasa nimejua mgao wa umeme ule wa juzi ulitoka wapi. Nguzo za Mabatini zimepanda mlima mshazari. Zingezunguka sawa, tusingekaa gizani.

— Kaa chini.

— Sikai. Na huu uchumi huria nao ni hivyohivyo. Wavu mmoja kwa wote, nchi nzima. Lakini umekunjwa kwa namna, mwingine pesa zinampitia kama waya wa shaba, na mwingine, kama Baba Kija hapa, zinamkataa mpaka azisukume. Hakuna kilichoongezwa wala kilichotolewa.

Hapo hata mimi nilicheka. Justa alisema kama ni hivyo, yeye alikunjwa vibaya tangu Bukoba. Spoku akasema hata ndoa, watu wawili walewale, kitanda kilekile, ukiingilia upande mwingine hakuna kinachopita. Fyuzi akasema hata ziwa lenyewe, sangara wanazunguka kufuata macho ambayo hatuyaoni, na Wajapani wakishapata siri ya kitako cha Tereza watawaita sangara wote kwa waya. Kila mmoja aliongeza lake. Nilikuwa nimeshatoa kalamu. Nilikuwa nimeshaandika, kwa mwandiko ambao Kija aliuzoea: "Mwanangu, marahaba. Sisi hatujambo." Nilikuwa nasubiri kicheko kiishe ili niandike sita.

Precious alifika saa nne kamili. Alikuwa binti mrefu, amebeba mkoba wa turubai, amesuka nywele kwa safari.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa, alisema Justa.

Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ile ya karibu na Mayala. Hakujua. Akaikalia. Spoku alitazama pembeni.

— Samahani, nimewahi? Naona bado mnaandika.

— Tunamalizia, nilisema. Kuna swali moja tu la kujibu. Kija anataka kujua mama yake alikuwa anaanzaje kitako cha tenga. Hapa tunabishana.

Precious alitutazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu asiyeelewa ugumu ulipo.

— Na mama mwenyewe anasemaje?

Baiskeli ilipita, kengele ikalia. Fyuzi akakaa. Nilitazama karatasi yangu, nikaona maneno "sisi hatujambo", na wino ulikuwa bado unang'aa.

— Si mumuulize tu, aliendelea Precious, sauti ikishuka. Yuko mbali?

Justa aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni. Lilitoa matone mawili.

— Kahawa imekwisha, alisema. Akaliweka chini. Mama yake alifariki, binti. Oktoba.

— Oo. Poleni. Pole, baba. Kisha Precious akauliza: Na Kija?

— Hajui, alisema Mayala.

Sikuona hukumu usoni mwa Precious. Ingekuwa rahisi kwangu kama ningeiona. Alitazama karatasi iliyokuwa mapajani mwangu, halafu akatazama mikono yake.

— Akinikaribisha chai, aliuliza, ataniuliza habari za mama. Nimwambie nini?

Mayala aliweka kikombe ubaoni, akasimama, akaondoka kwa njia ya nyuma ya maduka inayokwenda kwake. Tulidhani amekasirika. Spoku alilirudisha gurudumu kwenye msumari. Tulikaa bila kahawa, jambo ambalo benchi letu halikuwahi kufanya.

Alirudi baada ya nusu saa na kitu kilichofungwa kwenye kitenge cha bluu. Alikifungua mwenyewe. Kilikuwa kitako cha tenga, ukubwa wa sahani, na kutoka pembeni matete yalisimama marefu, mengine yameinama, hayajapishanishwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama kipo.

— Alikuwa anakisuka wiki ile, alisema. Nilikiweka mvunguni.

— Miezi yote hii? Spoku aliuliza. Na sisi tunahesabu mipira?

— Nilijua mtataka kukishika.

Alinikabidhi mimi. Matete yalikuwa yamekauka, mepesi kama ganda la karanga. Nilikigeuza juani. Katikati kabisa palikuwa na jicho la pembe sita. Fyuzi alikuwa amepatia, kwa njia ambayo sitaweza kuieleza kamwe. Kulizunguka hilo, macho ya pembe tano, yaliyokaa kwa mzunguko wa kwenda kushoto, kwa sababu Tereza alitumia mkono wa kushoto, na hilo nalo nilikuwa nimelisahau. Niliyahesabu. Nikayahesabu tena kwa kuweka kidole.

— Vipi? Justa aliuliza.

— Ni matano.

— Si ulisema lazima sita?

— Lazima sita. Nilimwonyesha pale ukuta ulipokuwa bado unapanuka kidogo, haujasimama, na matete mawili yakiwa yamesogezwa pamoja tayari, moja likingoja kuondolewa. Jicho la sita hakulifikia.

Precious alinyoosha kidole, akagusa ncha ya tete moja, akautoa mkono.

— Ninaweza kumalizia mimi, alisema Spoku polepole. Ni tete moja tu. Mwalimu ataniambia pa kupitisha.

— Hapana, alisema Mayala.

— Ili kiende kizima, Baba Kija. Mtoto asikipokee hivi.

— Kiende hivihivi. Alikaa, akaweka kitenge magotini. Ameuliza mama yake anaanzaje. Ndivyo anavyoanza. Na jicho la mwisho atalisuka yeye.

Nilichana karatasi yangu mara mbili nikaitia mfukoni, nikachukua nyingine, nikaiweka juu ya kitabu.

— Sema, Baba Kija. Naandika.

— Nipe kalamu.

— Wewe sema tu, mimi...

— Mwalimu. Mwandiko wako anaujua ni wa mama yake. Nipe kalamu.

Nilimpa. Alikuwa amejifunza herufi kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini, na sidhani kama aliwahi kuandika zaidi ya jina lake tangu wakati huo. Alipiga goti chini, akatumia benchi kama meza, pale kwenye nafasi aliyokuwa anaiacha. Precious alisimama kumpisha. Aliandika herufi kubwa, akibonyeza mpaka ubao wa mtumbwi ukapokea alama. Justa aliyakunja matete ndani, moja moja, bila kuvunja hata moja. Spoku alikata utepe wa mpira wa tyubu, akakifunga kitako kisifumuke njiani. Fyuzi, ambaye alipaswa kuwa amelala tangu saa tatu, alisimama upande wa jua ili kivuli chake kiangukie karatasi ya Mayala.

Mayala alimaliza karibu na saa sita. Barua ilikuwa ya mistari mitano au sita. Aliikunja mara nne, akaipitisha katikati ya kitako, kwenye lile jicho la pembe sita, akafunga kitenge juu yake. Hakunipa niisome, wala sikuomba. Kija angeujua ujumbe kabla ya kusoma neno la kwanza, kwa kuuona mwandiko tu.

— Akiniuliza? Precious alisema.

— Mpe hiki kwanza, Mayala alimjibu. Halafu kaa naye. Usiondoke siku hiyo.

— Sitaondoka, baba.

Aliweka kitenge ndani ya mkoba wa turubai, akakibana vizuri kati ya nguo, akaubeba kifuani badala ya begani, akaenda nao mpaka barabara ya Buhongwa.